Bi Ghania Ananyanyua Vyuma

Jumatatu na Alhamisi zilikuwa siku za wagonjwa wa presha na sukari katika kituo cha afya alichofanyia kazi Ghania binti Moosa, pale kwenye mteremko unaoteremka bandarini Mkoani. Siku hizo kazi yake ilikuwa kupima uzito, kupima presha, kuandika, na kumpa kila mtu maneno yale yale. Punguza chumvi. Punguza wali. Tembea kidogo jioni. Punguza uzito. Alikuwa ameyasema kwa miaka kumi na mitatu, mpaka yakawa yanatoka yenyewe kama mtu anavyoitikia salamu.

Alhamisi moja aliingia Bi Mwanapili, mkongwe wa Chokocho, mwembamba, mkavu, ambaye presha yake ilikuwa haitaki kushuka. Ghania akafunga daftari akayasema maneno yake yote, hata lile la mwisho. Bi Mwanapili alisikiliza mpaka akamaliza. Akautengeneza mtandio wake, akamtazama muuguzi kuanzia miguuni, taratibu, hadi kichwani.

"Mwanangu," akasema, "hapa baina yetu wawili, nani wa kupunguza uzito?"

Benchi zima likacheka. Ghania naye akacheka, kwani muuguzi akinuna mbele ya wagonjwa haimalizi siku. Lakini saa nane mchana chumba kilipobaki kitupu alifunga mlango, akavua viatu, akapanda juu ya mzani. Sindano ikaenda, ikaipita mia, ikatulia kwenye mia na tatu. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na kimo chake kilimruhusu kupita chini ya kamba ya nguo bila kuinama.

Hakuwa hivyo tangu mwanzo. Kwao ni Wingwi. Mababu zake waliotoka Omani walikuwa na mashamba ya mikarafuu, ingawa siku hizi kaka zake wana vipande vya muhogo na ng'ombe wanne tu. Alipokuwa msichana alipandishwa juu ya mikarafuu kuchuma kwa sababu matawi yalimbeba bila kulia. Kisha akaenda Unguja kusomea uuguzi, akaolewa na Zahran, muuza vifaa vya ujenzi wa Mkoani, akazaa watoto watatu. Kila mtoto alimwachia kilo zake. Yule wa mwisho, Nihal, ambaye sasa alikuwa na miaka sita, alimwachia kilo ishirini peke yake.

Hakuna aliyemlaumu. Kwenye maharusi wanawake walimshika mkono wakamwambia Zahran anajua kutunza, na hayo yalikuwa maneno ya kumsifu. Yeye mwenyewe aliyapokea hivyo kwa miaka. Shida ilianzia kwenye goti la kulia. Likaanza kuuma kwenye ngazi, kisha kwenye kuchuchumaa, na mwaka ule likafika mahali ambapo akisujudu hawezi kuinuka mpaka ashike mguu wa kitanda. Akaanza kusali juu ya kiti cha plastiki. Pembeni yake, kwenye msala, mama mkwe wake Bi Ummi, mwenye miaka sabini na kitu, alikwenda chini na kurudi juu kana kwamba viungo vyake vimetiwa mafuta. Hakusema neno. Ghania angependa zaidi kama angesema.

Alikuwa amekwisha kujaribu mambo. Aliwahi kuacha chakula cha jioni, akawa anaamka asubuhi kichwa kinamuuma na kuwagombeza watoto bila sababu. Aliwahi kunywa maji ya tangawizi na ndimu yaliyosifiwa kwenye kundi la WhatsApp la wauguzi, akapata kiungulia. Baada ya maneno ya Bi Mwanapili akaanza kutembea kila jioni, kutoka nyumbani mpaka juu ya kilima na kurudi. Siku ya kumi na moja goti lilivimba likawa kama chungu kidogo, akakaa wiki mbili nalo juu ya mto. Alipoinuka na kupanda tena mzani alikuwa na mia na tano.

Ndipo alipokutana na Mwatum Pandu. Mwatum alikuwa mwalimu wa michezo kwenye skuli moja ya sekondari hapo mjini. Alipokuwa mwanafunzi alikuwa akirusha tufe, na alilirusha mpaka akapelekwa Unguja na bara kuiwakilisha Pemba. Siku hiyo alikuja kituoni kwa ajili ya sindano ya pepopunda kwa sababu alikuwa amekanyaga msumari. Ghania alipomshika mkono wa juu ili amchome, vidole vyake vilikutana na nyama ngumu kama ya mpagazi wa bandarini. Walikuwa karibu rika moja. Akamuuliza, nusu kwa utani, anakula nini.

Mwatum akamwambia hali chochote cha ajabu, ananyanyua vyuma. Wakazungumza mpaka mtu mwengine akagonga mlango. Ghania alimweleza habari ya goti, habari ya kutembea, habari ya kiti cha plastiki, mambo ambayo hakuwa amemweleza hata mumewe yote kwa pamoja.

"Huko kutembea kuache kwanza," Mwatum akamwambia. "Goti lako halina wa kulishika. Tulitafutie misuli ya kulishika, halafu utatembea mpaka uchoke mwenyewe."

Walianza Jumamosi iliyofuata, baada ya sala ya alfajiri, kwenye ua wa nyuma wa nyumba ya Ghania, uliozungushiwa ukuta wa matofali. Ghania alivaa dera la zamani na suruali ya Zahran kwa ndani. Alitarajia kukabidhiwa chuma. Mwatum akamwekea kiti cha plastiki cha jikoni, akamwambia akae na kusimama bila kushika kitu, mara kumi. Ghania aliona anadharauliwa. Mara ya tano jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni. Mara ya nane mapaja yalianza kutetemeka, na mara ya tisa aliachia mwili wote kwa mkupuo. Mguu wa kiti ukapasuka. Akaenda chini, dera juu, miguu juu, mbele ya mtu ambaye hakuwa amemjua hata wiki mbili.

Mwatum hakucheka. Alimpa mkono, akavuta kigoda cha mbao, akasema imebaki moja. Ghania akaifanya hiyo moja kwa hasira tupu, kisha akamwomba aende zake. Siku tatu zilizofuata hakuweza kukaa chooni bila kushika ukuta, na kila aliposhika ukuta alimlaani Mwatum, akamlaani Bi Mwanapili, akaulaani na ule mzani. Siku ya nne maumivu yalipopungua alimpigia simu Mwatum. Hakujua kwa nini. Alimwambia tu kwamba kigoda bado kipo.

Baada ya wiki tatu za kigoda Mwatum alisema sasa ni wakati wa vyuma. Wakamwendea fundi Soud, mchomeleaji wa karibu na soko, akakata mabomba matatu. Makopo ya rangi yalijazwa saruji na kila bomba likachomekwa makopo yake kwenye ncha. Yalipokauka yalipimwa dukani kwa Zahran. Mzigo mdogo ulikuwa na kilo kumi na tano, wa kati thelathini, na mkubwa hamsini na tano. Saruji na makopo vilitoka kwa Zahran mwenyewe. Hakukataa, lakini alimwomba mkewe asimwambie mtu vimetoka wapi.

Haikusaidia. Mkoani si mji wa kuficha sauti ya chuma kinachotua kwenye sakafu kila Jumamosi, Jumatatu na Jumatano asubuhi. Wateja dukani wakamuuliza Zahran kama nyumbani kwake kuna ujenzi. Wengine, waliokwisha kujua, wakamuuliza kama mkewe anataka kazi ya upagazi, wakamwambia yakhe, angalia usije ukapigwa. Zahran aliyarudisha nyumbani maneno hayo kama mtu anayeeleza hali ya hewa, kisha akala. Bi Ummi yeye alisema waziwazi. Mwanamke aliyezaa mara tatu akinyanyua vyuma kizazi kinashuka, na kikishuka hakirudi. Ghania alimweleza kwamba yeye ni muuguzi, kwamba ameuliza, kwamba anaanza na uzito mdogo na kupumua vizuri. Bi Ummi akaitikia vyema, na kesho yake akayasema tena kwa maneno yale yale.

Ghania aliyavumilia yote hayo kwa sababu alikuwa anaungoja mzani. Wiki sita hakuupanda, Mwatum alimkataza. Katika wiki hizo alikuwa amefika mahali pa kuunyanyua wa kati kutoka chini mara nane bila kuuachia, na kuusukuma mdogo juu ya kichwa. Mikono ya dera ilikuwa imeanza kumbana. Alikuwa na hakika. Jumatatu asubuhi kabla wagonjwa hawajaingia alifunga mlango akavua viatu, na kwa tahadhari akavua na saa.

Mia na nne.

Akashuka, akaurudisha mzani kwenye sifuri, akapanda tena. Mia na nne. Siku ile alimwambia kila mgonjwa maneno yake kwa ukali, mpaka mzee mmoja akamuuliza kama nyumbani ni kwema.

Mwatum alipokuja Jumatano alimkuta amekaa kwenye kigoda, hajabadili nguo, hajatoa vyuma. Alimpokea na maneno moja kwa moja. Akamwambia amefanya kila alichoambiwa, ameumia, ametiwa mdomoni na mji mzima, mumewe anaona haya kukaa dukani kwake, na yote hayo ili apungue kilo moja tu. Mwatum akajaribu kumweleza kwamba misuli nayo ina uzito, kwamba mwili mgeni wa mazoezi hushika maji, kwamba autazame mwili na si namba.

"Mie muuguzi," Ghania akamkatiza. "Waambie watu habari ya maji, usinambie mie. Nimekuja kupungua, sikuja kuwa mpagazi."

Mwatum akakaa chini, kwenye kizingiti. Kisha akasema hataki kubishana, anataka kitu kimoja tu. Amweleze alichokula jana, kuanzia alipoamka, bila kuruka hata tonge.

Ghania alianza kwa kujiamini. Chai ya maziwa na vitumbua vitatu. Mchana wali na samaki, sahani moja, haikujaa. Usiku mkate na mchuzi. Mwatum akamuuliza chai ilikuwa na sukari kiasi gani, na saa nne kazini alikula nini, na wali aliupika nani. Hapo maneno yakaanza kupungua kasi. Sukari vijiko vitatu. Saa nne mandazi, yaliletwa na mwenzao aliyepata mtoto. Wali aliupika yeye, kwa hiyo alionja, na ukoko aliukwangua kwa sababu ukoko hautupwi. Wali wa Nihal uliobaki aliumalizia kwa sababu na huo hautupwi. Alasiri chai tena na kipande cha mkate wa ufuta. Na tangu aanze vyuma, alikuwa akijiongezea kidogo kila mahali, kwa kuwa anafanya kazi na njaa ni kali.

Aliposema hilo la mwisho aliyasikia maneno yake mwenyewe. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa amewasikiliza watu wakimwambia hawali kitu na hawajui unene unatoka wapi, na kila mara alikuwa akitabasamu kwa huruma na kuandika. Sasa alikuwa amekaa upande wa pili wa meza. Hakulia. Alikasirika, zaidi kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumkasirikia.

Ikawa vita nyingine sasa, ya jikoni. Hakujinyima chakula kama zamani. Mwatum alimkataza njaa. Alianza kila mlo kwa samaki, pweza au maharage, akala mboga, na wali akauweka mwisho, kijiko kimoja cha kupakulia. Chai bila sukari aliinywa siku tisa kama dawa ya minyoo, siku ya kumi akaizoea. Ukoko akampa Zahran, aliyeupokea bila swali. Katika miezi mitatu iliyofuata mzani ulishuka kwa ubahili mkubwa, nusu kilo, nusu kilo, wiki nyengine hamna kitu. Mwezi wa tano tangu siku ya kigoda alifika tisini na tisa. Alitoka chumba cha mzani akasahau viatu vyake ndani.

Wiki mbili baadaye kulikuwa na harusi kwao Wingwi. Mtoto wa kaka yake alikuwa anaolewa, na Ghania akaenda siku nne. Siku ya kwanza alikula samaki na kachumbari. Siku ya pili akapakuliwa bokoboko na shangazi yake, Bi Jawaher, aliyeamka na sufuria hilo tangu alfajiri kuponda ngano na nyama kwa mikono yake mwenyewe. Ghania akachukua vijiko vitatu akasogeza sahani. Bi Jawaher akamuuliza kama limeungua. Akamwambia hapana, shangazi, ni tamu sana. Akamuuliza kama anaumwa. Hapana. Bi Jawaher akageukia wanawake wengine jikoni, akasema kwa sauti ya chini iliyofika kila pembe kwamba watu wakishakaa mjini huona kwao kunanuka.

Ghania akaivuta sahani. Akala bokoboko lote, na sahani ya pili, na halua iliyofuata, na jioni biriani, kwa sababu akishakubali mara ya kwanza hana tena neno la kukatalia la pili. Alikula mpaka Bi Jawaher akampiga bega na kusema sasa ndiye Ghania wake. Alirudi Mkoani na mia na moja na nusu, amevimba mikono kwa chumvi.

Asubuhi ya pili yake haikuwa siku ya Mwatum. Ghania alitoka uani peke yake, akaupita mdogo, akaupita wa kati, akasimama mbele ya mkubwa, ambao hakuwa amewahi kuugusa. Alijua la kufanya. Alijua kukaza tumbo, kushusha nyonga, kuuweka mgongo sawa. Lakini asubuhi hiyo hakuwa akinyanyua chuma, alikuwa akimnyanyua Bi Jawaher, na wateja wa dukani, na nafsi yake. Akauvuta kwa mgongo. Ulipanda mpaka magotini. Kisha kitu kiunoni kikamkata kama wembe, akauachia, na akabaki ameinama vile vile mpaka Bi Ummi alipotoka kwenda kuwapa kuku chakula na kumkuta.

Alilala siku kumi. Bi Ummi alimkanda kiuno kwa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu, asubuhi na jioni, kwa mikono laini sana, na kila alipomkanda alirudia habari ya kizazi. Mwatum alikuja akamtazama, akasema si mfupa, utapoa, na hakumuuliza aliwezaje kuufikia mkubwa. Siku ya kumi na moja Ghania alipojikokota hadi uani alikuta sakafu tupu. Zahran alikuwa amevirudisha vyuma dukani.

Akavaa buibui akamfuata. Aliteremka barabara polepole, mkono mmoja kiunoni. Dukani kulikuwa na wateja wawili. Alisubiri mpaka wakahudumiwa wakatoka, kwa maana alikuwa na hasira lakini hakuwa amekosa adabu. Vyuma vilikuwa pembeni, nyuma ya magunia.

Zahran akaanza yeye. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na yale aliyoyasema yalionekana amekaa nayo kwa muda mrefu. "Kwani mie nilikwambia nimechoka na unene wako? Siku moja, Ghania, nilikwambia?"

"Hukunambia," akajibu. "Wala sifanyi kwa ajili yako. Goti ndilo lililonambia."

Kisha akamweleza habari ya kiti cha plastiki. Zahran husali msikitini, alikuwa akikiona kiti kile chumbani na kudhani ni cha kuwekea nguo. Alimsikiliza huku akigeuzageuza kipande cha waya mkononi. Jioni alikodi mkokoteni akavirudisha vyuma nyumbani, na alivifunika turubai njia nzima. Ghania aliliona lile turubai. Likamuuma.

Akaanza upya, na bomba tupu lisilo na kopo. Kuanza upya kulimchosha roho kuliko kuanza. Mara ya kwanza hakujua kinachokuja, mara hii alikijua chote, kila wiki ya uchungu kwa jina lake. Ilimchukua miezi miwili na nusu kurudi alipokuwa kabla ya harusi. Lakini katika miezi hiyo siku moja alitandika msala pembeni ya Bi Ummi akasali rakaa mbili za alfajiri chini, akainuka bila kushika kitanda. Adhuhuri, penye rakaa nne, akarudi kwenye kiti. Bi Ummi aliona yote mawili.

Kisha ikaja ile Ijumaa. Ilikuwa saa saba kasoro, wanaume wote wa kituo wameshakwenda msikitini, daktari na mhudumu Jabir na mlinzi. Walibaki Ghania na muuguzi mdogo, Shamima, mwenye mimba ya miezi saba. Mwanamke akaingia na mtoto wa miezi minane anayehema kwa mbavu, midomo imeanza kubadilika rangi. Walimlaza chumba cha juu, na mtungi wa oksijeni uliokuwemo ulikuwa umebakiwa na hewa kidogo sana. Mtungi uliojaa ulikuwa stoo, chini ya ngazi saba. Siku zote ulipandishwa na wanaume wawili.

Shamima akatoka nje kutafuta mtu. Barabara ilikuwa tupu. Ghania akateremka stoo, akauzungusha mtungi kwa kitako chake mpaka mlangoni, na kwenye ngazi ya kwanza akasimama. Akapanua miguu. Akaukumbatia, akaushusha uzito kwenye visigino, akavuta pumzi akaikaza tumboni, akasimama nao. Ngazi moja, akautua. Akarudia. Mara ya tano goti lilipiga kelele, na kiuno kikamkumbusha yaliyopita, akapumua, akausubiri mwili ujipange, akaenda tena. Aliufikisha juu, akauunganisha, na mtoto akavalishwa mpira puani. Baada ya robo saa midomo yake ilikuwa imerudi rangi. Mama yake alikuwa amekaa sakafuni anasoma dua, wala hakujua mtungi umetoka wapi.

Wanaume waliporudi daktari aliukuta mtungi mpya umesimama, akamgeukia Jabir akamwambia ahsante, umefanya vyema kuupandisha kabla ya kuondoka. Jabir akasema si yeye. Shamima akasema ni Bi Ghania. Daktari akatabasamu kama mtu anayetaniwa, akaenda kumtazama mtoto. Jabir alibaki pale akiwauliza ni wapagazi gani waliopita, maana angependa awashukuru. Ghania alikuwa ananawa mikono. Alimwambia wameshakwenda.

Jumatatu alipanda mzani. Tisini na nane, namba ile ile iliyokuwa pale wiki tatu. Alisimama juu yake akautazama bila kushuka. Kilo arobaini na kitu ngazi saba, na mzani hauna habari.

Ulishuka mwishowe, kwa wakati wake wenyewe. Baada ya mwaka na miezi minne tangu siku ya kigoda alikuwa na tisini na moja. Hapo maneno yakageuka. Waliokuwa wakimwambia anatunzwa sasa walimshika mkono kwenye maharusi wakamuuliza kwa upole anaumwa nini. Jirani mmoja alimletea dawa ya kienyeji ya sukari. Bi Jawaher alituma ujumbe kutoka Wingwi kwamba asomewe. Dukani walimuuliza Zahran kama kuna tatizo nyumbani, na mara hii Zahran hakuyarudisha nyumbani kama hali ya hewa. Alikuja amekasirika, akasema mji huu hauna jambo linaloupendeza. Ghania alimtazama, na kwa mara ya kwanza akahisi kwamba hasira ile haibebi peke yake.

Mwezi uliofuata Mwatum akahamishwa kwenda skuli ya Kaskazini, karibu na Mgogoni. Walikumbatiana uani, vyuma vimelala miguuni pao, na Mwatum akamwambia asiuguse mkubwa akiwa na hasira. Walicheka. Baada ya hapo asubuhi zikawa ndefu. Hakuna wa kuhesabu naye, hakuna wa kumwambia mgongo umelegea. Shamima, aliyekwisha kujifungua, alimwomba aje kujifunza, Ghania akasema tutaona, akashangaa mwenyewe kwa uchoyo wake, na wiki ya pili akamwambia aje Jumamosi.

Jumatano moja, kabla ya kazi, aliufunga mkubwa, ambao sasa alikuwa ameuzoea, mifuko miwili ya mchanga, kilo tano kila upande, ukawa sitini na tano. Alikuwa amekwisha kuujaribu mara mbili wiki hiyo na mara zote mbili ukakataa kuondoka chini. Hakuwa na hasira na mtu. Alikula vizuri, alilala vizuri, alifanya kila kitu sawasawa. Akashusha nyonga, akashika bomba, akakaza tumbo, akasukuma ardhi kwa miguu yote miwili.

Chuma hakikutikisika.

Akakaa kwenye sakafu mpaka pumzi zikamrudia. Akajaribu tena, na tena ukakataa, na makopo ya saruji yakabaki pale pale. Akasema neno moja ambalo hangependa Nihal alisikie. Kisha akaifungua ile mifuko ya mchanga, akapunguza kilo moja kila upande kwa ajili ya Jumamosi, akaenda kuoga, akavaa, akateremka kituoni. Ilikuwa zamu yake ya chanjo, na foleni ilikuwa imefika nje.